Redio ya Askari kwa Skeli ya 1/35: Kuitengeneza Kuanzia Kadi ya Laini Hadi Vumbi la Kagera

Redio ya kwanza niliyomtengenezea askari wangu ilichekwa na mtu mwenye haki ya kuicheka. Baba mdogo alipigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, na Jumapili hiyo alikuwa amekuja kwetu Sanawari kutoka Usa River. Nikamwekea mezani diorama, yaani mandhari ndogo ya modeli: askari watatu wa JWTZ wamekaa pembeni ya Land Rover, katikati yao redio. Akavaa miwani, akainama, akanyamaza kitambo.

"Mwanangu, hili ni friji?"

"Ni redio, baba mdogo."

"Sasa aliibeba nani? Maana sisi tulitembea."

Baada ya yeye kuondoka nikachukua rula. Ilikuwa milimita 16 kwa upana. Kwa skeli ya 1/35 kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko cha kweli, kwa hiyo zidisha kwa 35, unapata sentimita 56. Kweli lilikuwa friji. Tangu hapo nimetengeneza redio kama ishirini hivi, na karibu zote zinatokana na vitu vinavyopatikana mjini Arusha bila kuagiza chochote nje. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Amua ni vita gani na mwaka gani

Kabla ya kushika wembe, tenganisha vitu viwili. Redio ya upepo, ile ya mawasiliano inayobebwa mgongoni na askari wa signali, si habari ya leo. Tunazungumzia redio ya muziki, salamu na taarifa ya habari. Mali ya askari mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha yake au aliyochangia na wenzake. Hakuna jeshi lililoipaka rangi ya kijani, kwa hiyo nawe usiipake.

Mwaka unabadilisha kila kitu. Katika Vita Kuu ya Pili redio zilitumia valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista, na valvu zilikula betri nzito za aina mbili kwa wakati mmoja. Zenith Trans-Oceanic, iliyotoka Marekani mwaka 1942, iliitwa ya kubebeka, lakini umbo lake ni la sanduku dogo la safari lenye mpini. Mahali pake ni kwenye hema, kambini au nyuma ya lori. Ukimweka mtembea kwa miguu wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza la Afrika Mashariki, kule Burma mwaka 1944 akiwa na redio mfukoni, umekosea kwa zaidi ya miaka kumi.

Redio ya transista ya kwanza kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitangazwa Oktoba 1954 ikiwa na transista nne. Sony walikuja na TR-63 mwaka 1957, yenye milimita 112 kwa 71 kwa 32. Hapo ndipo redio ilipoingia mfuko wa shati. Kwa askari wa Marekani kule Vietnam katika miaka ya 1960, redio ndogo kama hiyo ni sahihi kabisa: imening'inizwa kwenye kifaru, au imelazwa juu ya magunia ya mchanga ikipokea AFVN, stesheni ya jeshi lao. Kaseti ndogo tunayoifahamu ilizinduliwa na Philips mwaka 1963. Kwa hiyo redio kaseti yenye spika moja inafaa kwa vita vya miaka ya 1970, ila lile likaseti kubwa la spika mbili na taa za kuwaka liache kwa askari wa miaka ya 1980.

Mimi nimejikita Kagera, 1978 hadi 1979, kwa sababu wahusika wapo na wanasema. Pia ni vita ambayo redio ilikuwa sehemu yake. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo", watu waliisikia redioni. Waganda walipokutana Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 na kuunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amin, kilomita 80 tu kutoka ninapoandikia haya, askari walikuwa tayari ndani ya Uganda. Na kwa mtu wa Arusha kuna la ziada: redio za Philips ziliunganishwa kiwandani hapa hapa mjini, ndiyo maana hadi leo konda wa daladala anaita "Philips!"

Pima kwanza, na upime kitu cha kweli

Picha za intaneti zinadanganya ukubwa. Tafuta redio yenyewe. Mafundi redio wana mizoga yake kwenye rafu za juu, na ukiomba kwa adabu utaruhusiwa kupima, hasa ukianza kwa kununua japo waya. Mimi nilipima National ya bendi tatu iliyokuwa nyumbani kwa baba mdogo: upana sentimita 27, kimo 17, unene 7.5.

Gawanya kwa 35. Upana unakuwa milimita 7.7, kimo 4.9, unene 2.1. Andika namba hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani. Redio ya mfukoni kama TR-63 inakuwa 3.2 kwa 2 kwa 0.9, ndogo kuliko punje ya mchele.

Kuna kipimo cha pili ninachokiamini kuliko rula: mkono. Kiganja cha mtu mzima ni kama sentimita 8.5, yaani milimita 2.4 kwa skeli yetu. Shika redio yako kwa kibano, iweke karibu na kiganja cha askari wa plastiki. Kwa redio ya bendi tatu, viganja vitatu vienee kwenye upana wake na kidogo kibaki. Vikienea vitano, rudi kwenye friji.

Vitu vya kukusanya

Ile kadi inayobaki ukishabandua laini ya simu ndiyo malighafi bora niliyowahi kuipata. Ina unene wa milimita 0.76, sawasawa na kadi ya benki, na ukipita kwa mawakala wa laini stendi utapewa za kutosha mwaka mzima. Kadi tatu zikigandishwa pamoja zinatoa milimita 2.28, ambayo ni sentimita 8 za kweli; ukipiga msasa kidogo unafika 7.5.

Zaidi ya hapo tafuta wembe mpya, msasa laini (namba 400 na 800), supaglu, soksi ndefu ya kike iliyokwisha, sindano ya hospitali yenye kitako cha kijani, pini ndogo za stepla namba 10, kikopo kitupu cha mtindi, na nyuzi za shaba kutoka kwa fundi wa kusuka mota. Huyu wa mwisho usimdharau. Chini ya benchi lake kuna nyuzi nyembamba kama unywele ambazo yeye anazifagia kama taka.

Mwili wa redio

Kata vipande vitatu vya kadi, kila kimoja milimita 8.5 kwa 5.5. Vikubwa kidogo kuliko lengo, kwa makusudi. Vigandishe kwa supaglu kidogo sana, kisha uvibane kwa kibanio cha nguo usiku kucha. Watu wengi hawasubiri. Supaglu iliyo katikati ya plastiki mbili haipati unyevu haraka, na ukiipiga msasa baada ya dakika kumi vipande vinateleza, unapata redio iliyopinda kama mkate uliolaliwa.

Asubuhi yake, weka msasa juu ya kioo au kigae kilichonyooka na uisugue redio juu yake. Usisugue msasa juu ya redio. Punguza hadi 7.7 kwa 4.9. Kingo za mbele ziviringe kidogo sana, kwa sababu redio za wakati ule hazikuwa na pembe za kukata mkono. Mstari wa kuungana kati ya kadi ya pili na ya tatu usiuzibe. Pale ndipo kifuniko cha nyuma kilipokutana na mwili, na umepewa bure.

Kipande kikiruka kutoka kwenye kibano, usikitafute. Tengeneza kingine. Nimeshapoteza jioni nzima nikiwa magotini na tochi, umeme umekatika, nikitafuta kitu kinacholingana na punje ya mtama.

Spika

Hapa ndipo redio inapokuwa redio. Chujio la chai ni kosa la kawaida. Matundu yake kwa skeli hii yangepitisha kidole cha askari. Soksi ndiyo yenyewe. Ivute juu ya mdomo wa chupa hadi ikaze, ifunge kwa mpira, kisha pakaza supaglu nyembamba mahali padogo katikati. Ikikauka inakuwa ngumu kama wavu wa chuma. Kata kipande cha milimita 3.5 kwa 3.5 kwa wembe ambao haujawahi kukata kitu kingine.

Kabla ya kukibandika, chonga shimo dogo la duara kwenye uso wa redio, upande wa kushoto, lenye kipenyo cha milimita 2.8. Hiyo ni spika ya sentimita 10. Kina hakihitajiki, robo milimita inatosha. Lipake rangi nyeusi sasa, maana ukishafunika wavu hutafika tena. Kisha bandika wavu. Weusi ukionekana kwa mbali nyuma ya nyuzi, jicho linaamini kuwa kuna koni ya karatasi mle ndani.

Vitufe, namba na mshale

Sindano ya kijani ni ya geji 21. Nunua mpya famasi. Saga ncha yake juu ya jiwe la kunolea hadi iwe bapa, unakuwa na kikata-duara: tundu la ndani ni milimita 0.51, na kwa skeli yetu hiyo ni kitufe cha milimita 18, ukubwa wa kitufe cha sauti hasa. Bonyeza kwenye ukuta wa kikopo cha mtindi ukizungusha, kisha sukuma kiduara kitoke kwa waya mwembamba. Kata kumi, utatumia viwili. Vilivyobaki vinakwenda palipokwenda vile vilivyoruka.

Kioo cha namba ni kipande cha karatasi rangi ya maziwa ya kuchemka, milimita 3.5 kwa 1, juu upande wa kulia. Chora mistari mitatu ya kulala kwa penseli ngumu iliyochongwa hadi ichome. Ni bendi tatu, masafa ya kati na mafupi mawili. Usijaribu kuandika namba. Halafu mstari mmoja mwekundu wa kusimama, huo ndio mshale. Funika kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, ulichovye kwa kijiti cha meno, na usipitishe mara mbili kwa sababu dawa iliyomo inakula plastiki.

Mpini na antena

Pini ya stepla namba 10 ina upana unaokaribia kabisa wa redio yetu. Punguza miguu yake, toboa matundu mawili ubavuni, ipachike. Mpini ulale nyuma kama redio imewekwa chini, usimame tu kama kuna mtu ameishika. Nimeona modeli nzuri sana ambazo mpini umesimama wenyewe hewani, kama vile redio inaomba kubebwa.

Antena ni uzi wa shaba. Unyooshe kwa kuushika ncha mbili kwa koleo na kuuvuta hadi uhisi umelegea kidogo; unanyooka kama mshale. Sentimita 80 za kweli ni milimita 23. Pakaza supaglu nyembamba kwenye nusu ya chini, mara mbili, ili iwe nene kuliko nusu ya juu, maana antena ya kuvuta haina unene mmoja. Kwenye ncha gusisha tone dogo, ndiyo kile kirungu cha kushikia. Usiibandike bado. Mkono wako utaivunja kabla hujamaliza rangi. Wangu uliivunja mara tatu.

Betri za nje

Hii sikuiona kwenye picha yoyote, nilisimuliwa. Betri zikianza kuchoka, askari hakuzitupa. Zilianikwa juani, zikarudishwa, na zikigoma tena ziliongezwa nyingine nje ya redio, zimepangwa kichwa kwa kitako ndani ya bomba la karatasi ngumu na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Hata nyumbani kwetu redio ilikuwa na mkia wa namna hiyo.

Betri kubwa ina kipenyo cha milimita 34 na urefu wa 61. Kwa 1/35 hiyo ni milimita 0.97 kwa 1.74. Chukua kijiti cha fremu inayoshika vipande vya seti yako ya modeli ya plastiki, kipashe moto juu ya mshumaa ukikizungusha, kikilainika kiondoe na ukivute polepole hadi kiwe na unene wa milimita moja. Kata vinne. Vikipangwa mstari vinafika milimita 7, karibu sawa na upana wa redio, kwa hiyo vinakaa mgongoni vizuri kama vimeumbiwa hapo. Vifunge kwa vipande vyembamba vya utepe mweusi wa umeme, uliokatwa kwa upana wa nusu milimita. Nyaya mbili nyembamba ziingie kwenye mlango wa betri ulioachwa wazi. Mlango wenyewe usiutengeneze. Ulishapotea.

Rangi na uchafu

Anza na rangi ya msingi ya kijivu, nyembamba. Mwili mweusi usiwe mweusi wa makaa. Changanya kijivu kidogo, kwa kuwa kitu kidogo kikiwa cheusi tii hakionekani umbo. Uso wa fedha nao uongezee kijivu, la sivyo utang'aa kama sufuria mpya ya Soko Kuu. Ukitaka mkoba wa ngozi, bandika karatasi ya sigara iliyolowekwa gundi nyeupe, acha uso wazi, paka kahawia, na pembe zifute hadi zipauke.

Sasa vumbi, na hapa watu wa Arusha tunajiponza. Udongo wetu ni wa volkano ya Meru, mweusi unaoelekea kijivu. Wa Kagera ni mwekundu. Ukichota nje ya mlango wako umempeleka askari Ngaramtoni. Isitoshe, chembe ya mchanga ya nusu milimita kwa skeli hii ni jiwe la karibu sentimita 2. Saga kipande cha tofali la kuchoma pamoja na chaki, chuja kwa soksi ile ile, kisha paka kwa brashi kavu: mgongoni, chini, na kwenye matundu ya spika. Pembeni mwa kitufe cha sauti na kwenye mpini futa, kwa sababu mikono ilipita hapo kila siku.

Vita vile vilianza wakati wa vuli na kufika Kampala tarehe 11 Aprili 1979, katikati ya masika. Redio iliyo safarini ifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Nailoni nyembamba kabisa ya kufungia mkate, iliyosuguliwa kiganjani hadi ikunjamane, inatosha.

Kama unataka redio ya wembe

Kwa Vita Kuu ya Pili kuna redio ndogo ambayo ni sahihi hata kwa mtembea kwa miguu. Askari waliokwama Anzio, Italia, mwaka 1944, walitengeneza redio zisizo na betri: wembe, kipande cha risasi ya penseli kilichofungwa kwenye kikwasi (pini ya kufungia nepi), koili ya waya, na kisikizio cha sikioni. Nguvu yote ilitoka kwenye mawimbi yenyewe, ndiyo maana haina spika. Ukiweka spika umeharibu.

Ubao wake utoke kwenye ganda la penseli linalobaki ukichonga. Wembe ni karatasi ya fedha ya sigara, milimita 1.2 kwa 0.6, iliyopakwa buluu ya kukolea. Koili ni uzi wa shaba uliozungushwa kwenye kijiti cha meno kilichopunguzwa kwa msasa. Antena ni waya mrefu unaokwenda mbali hadi kwenye mti, na waya wa pili unaingia ardhini. Jioni moja inatosha.

Kuiweka mahali pake

Bandika antena mwisho kabisa, redio ikiwa imeshakaa. Kisha fikiria askari wanasikiliza nini. Kama ni masafa mafupi, antena ivutwe yote na iinamishwe. Kama ni masafa ya kati, antena ile haina kazi; kinachopokea ni kijiti cha feraiti, kauri nyeusi ya sumaku, kilicholala ndani kwa urefu wa redio, na kinasikia vizuri pale uso au mgongo wa redio unapoielekea stesheni. Ubavu ukielekea huko, sauti inafifia. Masafa ya kati yanafika mbali usiku kuliko mchana, kwa hiyo ukiweka kandili na giza, askari wanaosikiliza stesheni ya mbali wanakubalika. Vichwa viiname kuelekea redio, kwa sababu hakuna anayefungua sauti kubwa porini.

Nilipomaliza ya pili nilimpelekea baba mdogo Usa River. Nilikuwa nimechora mshale mdogo wa kaskazini kwenye ubao wa diorama, kwa fahari tu. Akaitazama redio, akagusa betri za mgongoni kwa ncha ya kalamu, akatabasamu. Halafu akautazama ule mshale.

"Hapa ni wapi?"

"Masaka, baba mdogo. Usiku. Mnasikiliza Dar es Salaam."

"Dar iko huku," akasema, akionyesha kona ya kusini-mashariki ya ubao. "Mbona mmeipa ubavu? Geuza, mwanangu, tusikie."

Nikaing'oa kwa wembe, nikaigeuza. Antena ilivunjika mara ya nne.